Mzee Alisema Usiambiwe Kabla ya Mtihani

Kwa Mzee Shikanga,
Malinya,
Kakamega.

24 Juni 1996

Mpendwa Kaka Jairus,

Salamu kutoka nyumbani, nyingi kuliko miwa ya Mumias. U hali gani huko Sèvres, Ufaransa? Ile baridi imekuachilia, au bado unalala na koti? Picha yako ilifika. Dada yetu Gentrix anasema umenona. Mimi nasema mashavu yamevimba kama ya mtu anayepuliza kuni mbichi. Mimi ni mzima, na kwa urefu nimekupita, kwa hivyo siku tutakayoonana utanisalimia ukiangalia juu.

Kaka, kama unasoma hii ukiwa na wenzako, ondoka hapo kwanza, tafuta mahali pa kukaa peke yako. Unanijua mimi sikosangi maneno, lakini leo nimeshika kalamu tangu asubuhi na sioni njia ya kuzunguka. Baba hayuko. Alituacha mwezi wa tano, ni kile kifua cha vumbi la mashimo ya dhahabu, na tumeshamzika.

Najua unauliza kwa nini unasikia leo. Ni yeye mwenyewe alikataa. Alipokuwa bado na sauti alituita kitandani, Mama, Gentrix, mimi na Baba mdogo Osiako, akasema, "Jairus asiambiwe kitu mpaka amalize huo mtihani wa Wafaransa. Mkimwambia atatupa kalamu aje kulia, na kulia hakuna cheti." Baba mdogo akamwambia, "Mzee, mtoto wa kwanza ndiye anatupa udongo wa kwanza. Tutakuzikaje yeye hajui?" Baba akageukia ukuta. Na unajua akigeukia ukuta mkutano umekwisha.

Sasa neno la mtu anayekufa, nani atalivuka? Hata mimi niliyeruka seng'enge ya shule mpaka wakachoka kunirudisha, hilo sikuliruka. Ile barua yako ya kuuliza mzee anaendeleaje, Gentrix aliisoma kaburini kwa sauti, yote, mpaka ile sehemu ya treni zinazopita chini ya ardhi. Halafu akakujibu kwamba mzee amepumzika. Mtoto huyo hajui kudanganya, hata akijaribu.

Alivyojivunia hiyo kazi yako, Kaka, ilikuwa aibu kwa majirani. Kila mgeni aliambiwa kwamba mtoto wake yuko ndani ya nyumba ile ambayo vyeti vya Kifaransa vya dunia nzima vinatungiwa mitihani, na kwamba serikali ya huko na ya kwetu zimeshikana mikono kwa ajili yake. Mimi nikamwambia, "Mzee, zimeshikana kwa ajili ya walimu wengi." Akasema, "Wewe uliyeishia Fomu Tu, nyamaza." Kila asubuhi akiamka alikuwa anauliza, "Amemaliza?" Mimi namwambia bado. Siku ya mwisho hakuuliza, ndipo nilijua.

Wacha nikuambie ya Musiye, fahali wa mzee. Mtu mwenye dume la kupigana hawekwi chini kimya kimya, lazima dume aletwe amwone. Watu wa ngoma za isukuti walikuja, uwanja ukajaa mpaka barabarani. Lakini Musiye alipofika mbele ya kaburi na kukosa ile sauti aliyoizoea, alichafuka. Alimwinua Baba mdogo Osiako kwa pembe akamtupa kwenye viti, mkono ukavunjika. Vijana wote wa Malinya wenye vifua vikubwa walikuwa wamepanda miti. Mimi ndiye nilisimama, na si majivuno, uliza mtu yeyote. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimchunga huku ukifanya mazoezi ya kuongea Kifaransa, na mzee naye akayadaka yale maneno yako akawa anamtuliza nayo jioni. Nikamwambia, "Dusma, Musiye. Dusma." Yaani polepole, kama nyinyi mlivyokuwa mkimwambia. Akasimama. Akateremsha kichwa mpaka kwenye udongo akapumua hapo. Ngoma zilinyamaza zenyewe. Kaka, mimi silii ovyo, unanijua, lakini hapo nilijificha nyuma ya huyo ng'ombe.

Tangu siku hiyo hata akilishwa hali vizuri. Majani anayanusa tu. Mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Wazee wamesema atachinjwa siku ya kunyolewa, kabla hajajifia bure.

Na hapo kwa kunyolewa ndipo kuna maneno. Unajua ni wembe unaanzia kwa mtoto wa kwanza, halafu ndio sisi wengine, ndio matanga yaishe. Mama amekataa kichwa chake kiguswe kabla ya chako. Na kwa sababu hajanyolewa, haendi sokoni, hapiti mlangoni pa mtu, kanisani anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Ana leso ile ile ya mazishi. Nikimletea hadithi zangu zile za kuchekesha, anasema, "Enda ukalale, Sylvanus," hata kama ni mchana.

Baba mdogo amechoka kungoja. Alisikia Gentrix akisoma ile barua yako, ile sehemu uliyosema ukifaulu huo mtihani hicho kituo kinaweza kukuongeza miaka miwili hapo hapo, ufanye nao kazi ya kufundisha walimu. Amekuja na ule mkono wake kwenye kitambaa, akasema tukate mgomba tuusimamishe mahali pako na tuunyoe huo, kama watu wanavyozika mgomba mahali pa mtu aliyepotea. Mama alikuwa anachagua maharagwe. Akauliza, "Mtoto wangu amepotea?" Baba mdogo akasema, "Shemeji, sisemi hivyo." Mama akasema, "Umesema." Hawajaongea tena mpaka leo.

Kwa hivyo uone tulivyofungwa. Tulikuficha kifo cha baba yako ili ufaulu, na ukifaulu ndio unakaa. Mzee alitaka cheti. Mama anataka kichwa chako hapa, kiwe na cheti au kisiwe nacho. Jumapili kabla ya mtihani wako, katekista aliomba kwa nguvu kwamba Jairus Shikanga apite. Kanisa lote likasema amina. Mama hakusema. Nilikuwa kando yake. Mimi pia sikusema.

Usikasirikie Gentrix, alilia kila alipokuandikia. Mimi unaweza kunikasirikia, nimezoea, na ngozi yangu ni ngumu kuliko ya Musiye. Sikuambii rudi. Mimi ni nani wa kumwambia mwalimu? Nakuambia tu yaliyo hapa.

Jambo moja la mwisho. Mgomba wenyewe Baba mdogo alishauchagua, ule mnene nyuma ya jiko, akaufunga kamba nyekundu. Jana nilichukua panga nikaukata vipande vipande nikampelekea Musiye, na huyo ng'ombe, Kaka, aliula wote mpaka kamba. Ndicho chakula cha kwanza nimemwona akikimaliza. Mama alitoka jikoni akasimama akatazama, akarudi ndani.

Lakini shamba letu lina migomba mingi, wewe mwenyewe uliipanda.

Gentrix anakusalimia, anaomba umsamehe. Baba mdogo Osiako anakusalimia kwa mkono ule mzima. Mama hakutuma salamu. Amesema salamu anayo, utaichukua mwenyewe.

Mungu aliyemshika baba yetu mkono usiku ule alipotuacha akushike wewe huko kwenye baridi, na akuonyeshe mlango.

Ni mimi ndugu yako akupendaye hata ukichana hii barua,

Sylvanus