Kisa cha tabia ya Karisa

Kisauni, Jumatano, 1947

Nimekasirika hata uji haushuki. Leo hedimani, mkuu wa mtaa wetu, alipita akiwauliza majirani kama mwanangu Karisa ana tabia njema, apewe leseni ya udalali wa nyumba. Mama Kadzo, jirani yangu, akajibu, "Huyo? Kazi yake kuwaharibia watu biashara."

Kisa? Mumewe alipotaka kuuza nyumba yao ya Magogoni, Karisa alimwambia mnunuzi kwamba nyumba ni yao lakini ardhi ni ya mtu mwingine. Mnunuzi akaondoka.

Nikamwuliza hedimani, "Kwani mzee, mwataka dalali wa kunyamaza?" Akacheka tu, akaenda zake.

Naogopa watamnyima, naye hana kazi nyingine...

Kesho namtafuta yule mnunuzi. Aje yeye aseme tabia ya mwanangu.