Shangazi amechomoa ruta

Lamia, nimechoka. Sikia yaliyompata kaka Shukri leo.

Unajua hakuwahi maziko ya Baba. Kabla Baba hajafa, Shukri aliisanidi ruta yetu ya intaneti hapa Mansura iwe seva ya VPN. Akiwa Doha anaweka nywila, anaingia kwenye kompyuta ya Baba kama amekaa chumbani, na hakuna wa kumchungulia. Leo alikuwa ananakili sauti za Baba akisoma Kurani, maana kompyuta yenyewe inakata roho.

Ghafla akatupwa nje. Akajaribu mara tisa. Akaamini wezi wamebadilisha nywila na sauti zimekwenda. Akanipigia analia, Lamia. Shukri analia!

Nikaweka spika, nikauliza kwa sauti nani kagusa ruta. Katikati ya waombolezaji!

Shangazi Inshirah hata hakushtuka. "Kidude kile cha taa? Nimekichomoa mimi. Televisheni tumeizima siku arobaini, halafu hicho kinametameta kama harusini?"

Amekichomoa. Siamini bado.

"Shangazi, hiyo si televisheni."

"Inamulika, haimuliki?"

Mimi natamani ardhi inimeze.

Ndipo Shukri akasema taratibu, "Shangazi, nilikuwa namsikiliza Baba."

Shangazi alisimama na magoti yake yale mabovu, akakichomeka mwenyewe. Taa zilipowaka, akavua mtandio wake mweusi akazifunika, akaketi kando.

"Haya, msikilize kaka yangu," akamwambia. "Hapa hapiti mtu."

Yuko hapo tangu adhuhuri. Hata chai amekataa.