Mimea Yako Ilipopandwa Udongoni

Maman,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu ulipoondoka. Ni kifundo cha mkono wako kikigonga kiganja cha mkono wa pili. Pa. Pa. Pa. Kila Jumapili kabla ya misa niliisikia nikiwa bado kitandani, ikitoka nyuma ya nyumba, na nilijua bila kuchungulia kwamba umetoa mmea kwenye beseni la maji ya mvua, umeugeuza kichwa chini, unaukung'uta mpaka tone la mwisho litoke katikati ya majani. Halafu kimya kidogo. Halafu mmea mwingine.

"Mayi ikilala mu roho yake, kesho haiamuke," ulikuwa ukisema, kana kwamba unamzungumzia mtu.

Sasa Jumapili naamka, nasikiliza. Nasikia mbuzi wa jirani, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza ikirudi kutoka ziwani. Nalala tena.

Najua utakicheka Kiswahili hiki. "Eh, mwalimu amefika," ulisema kila niliposahau nikasema watoto badala ya batoto. Lakini ndicho ninachoweza kuandika. Kile chetu cha Bukavu kilikuwa cha kusema, na sina tena wa kusema naye. Shuleni nafundisha kemia kwa Kiingereza, kwenye chumba cha walimu tunaongea Kinyarwanda, na sokoni Kamembe nanunua haraka na kuondoka. Nikifika nyumbani Nkanka jioni naweza kukaa mpaka kesho yake bila kufungua mdomo. Juzi chai iliniunguza nikapiga kelele, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Nataka nikueleze kilichoipata mimea yako. Nimechelewa, kwa sababu kila nikianza nashindwa.

Unaukumbuka wa kwanza. Ulikuwa ukiuza vitenge Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na mteja wako mmoja wa mtaa wa Muhumba, mama mzee aliyetunza bustani ya zamani, alikupa kishada cha majani ya kijivu kisicho na chungu wala udongo. Alikuambia kwa Kifaransa kwamba hawa ni mabinti wa hewa. Ukavuka nacho daraja la Ruzizi ndani ya kilemba. Safari iliyofuata ulivuka na ndevu, ule mmea unaoning'inia kama nywele za mvi, na afisa wa mpakani akauliza hiki ni nini. Hiyo ulipenda kuisimulia: "Nikamuambia, njo ya kuogea, Papa. Unataka nikusugule mugongo?" Foleni nzima ikacheka, naye akakupitisha ili kicheko kiishe.

Miaka ilivyokwenda, ua wa nyuma ukajaa. Midogo kama vitunguu vya majani. Iliyojikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Mipana kama kichwa cha nanasi. Uliifunga kwa uzi wa wavuvi kwenye matawi makavu ya mibuni, kwa sababu waya wa shaba unaiua. Ulilijua hilo kwa kupoteza mmoja. Matawi uliyatundika chini ya avoka, ule mparachichi wetu, mahali ambapo ukungu wa ziwa unafika asubuhi na jua la mchana halichomi. Mvua kubwa zikianza, unaisogeza chini ya paa. Kiangazi, vumbi likipanda kutoka barabarani, unaiogesha mara mbili kwa wiki, maana inakula kwa majani na vumbi linaiziba. Wageni walitafuta mizizi. "Haiko na kinywa," uliwaambia. "Inakunywa na mwili muzima." Walitikisa kichwa kwa adabu. Ni watu wa mihogo na maharage, Maman. Kitu kisichoshika ardhi kwao ni kitu kinachokufa.

Na hao hao ndio waliokuja kwanza siku ulipofariki.

Unajua inavyokuwa kwenye kilio. Ulikwenda vilio vingi. Mfiwa haachiwi kazi yoyote. Wanawake waliingia kwa zamu, wakapika, wakafagia, wakapalilia hata maharage uliyokuwa umeyaacha na magugu. Maman Furaha, yule jirani wa ng'ambo ya njia aliyeolewa kutoka Nzahaha, ndiye aliyewaongoza. Mimi nilikaa sebuleni juu ya mkeka, picha yako imeegemezwa kwenye kiti, watu wakiingia na kutoka. Nilisikia jembe nyuma ya nyumba. Nilidhani wanachimba mfereji wa maji ya mvua.

Nilipotoka nyuma kwa mara ya kwanza, matawi chini ya avoka yalikuwa matupu. Nikatazama chini. Walikuwa wameipanda. Karibu yote, Maman. Kwa mstari ulionyooka kando ya ukuta, kila mmoja na shimo lake, samadi juu, majani makavu ya mgomba yametandazwa kuzuia jua. Sijawahi kuona tuta lililotengenezwa vizuri kama lile.

"Maskini, binanyongwa sawa bezi!" Maman Furaha aliniambia, akinionyesha nyuzi zilizobaki kwenye matawi. "Bilikuwa na kosa gani? Maman yako alikosa nguvu ya kubipanda, ugonjwa ule. Sasa bitakula, sheri wangu. Na weye ukule."

Walidhani ni mananasi. Walidhani uliugua kabla ya kumaliza kazi, nao wamekumalizia.

Nilifungua mdomo. Wanawake wote walikuwa wakiniangalia, mikono imejaa udongo, na nyuso zao zilikuwa za watu waliompa mtu zawadi na wanasubiri aifungue. Ningeweza kusema. Neno moja tu. Lakini ningemwambiaje mtu aliyeacha shamba lake msimu wa mvua, akaja kwangu na jembe lake mwenyewe, kwamba alichokifanya ni kuiua?

Nikasema aksanti.

Na kila jioni ya kilio waliimwagilia. Niliwaona dirishani, wanapokezana ndoo, wanamimina maji polepole katikati ya majani, hasa pale katikati, mahali ulipokuwa ukipakung'uta. Singeweza kuing'oa mbele yao. Nilisubiri. Kilio kilipoondolewa na watu wakarudi makwao, mvua ilinyesha mfululizo, na ilipotulia nikatoka alfajiri nikaanza kuichimbua. Mingi iliniachia majani mkononi. Ilikuwa laini, ya kahawia, na ilinuka. Niliosha iliyokuwa bado migumu, nikaianika chini ya paa. Iliyopona sasa inaenea kwenye kamba moja. Ndevu sikuziona kabisa, mpaka nilipozikuta jikoni kando ya majivu: walikuwa wamesugulia masufuria. Hapo nilitaka sana uwe hai, dakika moja tu, nikuambie.

Familia ilipona. Ule mkubwa kuliko yote, mama katikati na watoto wamemzunguka pande zote, tuliouita hivyo kwa sababu hukukubali kamwe kuutenganisha. Ulikuwa umeufunga juu sana kwenye avoka, na mikono yao haikufika. Nikawa nakaa chini yake jioni na sahani yangu. Nikisahihisha madaftari, nasahihishia hapo. Binamu zangu walipiga simu, nikawaambia nina kazi. Padri alipita, nikamkaribisha chai, akanywa, akaenda. Maman Furaha akinisalimia kutoka njiani, namjibu kwa mkono. Sikuwa na hasira naye, amini. Ila kila nikimwona naona ndoo.

Lango nikawa nalifunga kwa komeo. Wewe hukuwahi kulifunga mchana.

Ijumaa ile kabla ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Maman Furaha aligonga. Nikachungulia: amesimama na beseni kichwani limejaa machipukizi ya mananasi, mananasi ya kweli, ameyatoa kwa kaka zake Nzahaha na kushuka nayo kwa miguu kutoka barabara kuu. Alikuwa amechungulia juu ya ukuta akaona tuta tupu.

"Bameiba mananasi ya marehemu!" alisema kabla hata sijamaliza kufungua. "Batu ba siku hizi habana haya, hata mahali kilio imepita banaiba! Lakini weye nyamaza. Kesho kwenye mkutano nitasimama. Nitasema mbele ya kiongozi wa mudugudu na batu bote. Na ninajua ni nani."

Alinitajia. Ni ile familia iliyopanga kule juu mwaka huu, ambayo hakuna anayeijua vizuri. Mke anauza nyanya. Mume anakwenda zamu Muganza, kwenye kiwanda cha saruji. Hawajawahi kukanyaga ua wetu.

Maman, aksanti yangu ilikuwa imefika huko. Baada ya umuganda, watu wakiwa bado na majembe mabegani, mtu angeitwa mwizi wa vitu vya maiti, kwa ajili ya mimea niliyoing'oa mwenyewe. Na kwa kumwokoa ilinibidi nimvunje Maman Furaha moyo, akiwa na beseni kichwani.

Nilimtua beseni. Nikamshika mkono, nikampeleka chini ya avoka, nikamwonyesha iliyobaki kwenye kamba, halafu nikamwonyesha Familia kule juu. Nilijaribu kwa Kiswahili changu cha shule nikaona hakitoshi. Kikaja chako. Nikamwambia haiko na kinywa. Nikamwambia haitaki udongo, udongo unaiua, na maji yakikaa katikati inaoza. Nikamwambia hakuna mwizi, ni mimi.

Aliangalia tuta, akaangalia kamba.

"Yesu wangu," akasema. "Nilizika bazima."

Akakaa chini pale pale. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa alichosema baadaye, huku amenikazia macho kama vile mimi ndiye niliyekuja na jembe: "Na weye ulikuwa unaniangalia tu? Kila jioni namwanga mayi, weye unasema aksanti, Maman, aksanti? Masomo ile yote, sheri, na habakukufundisha kusema 'hapana'?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Halafu aliyelia si mimi; ni yeye, kwa sauti, kama siku ya maziko, akikuita jina lako na kukuomba msamaha, na mimi ndiye niliyemshika mabega. Yalikuwa mapana na ya moto. Sikuwa nimemgusa mtu kwa muda mrefu.

Mananasi tuliyapanda. Yeye alichimba, mimi nikashindilia udongo. Kila chipukizi aliniuliza kwanza: "Hii inakubali udongo? Una hakika?" Kesho yake kwenye mkutano hakusimama. Mke wa yule bwana wa saruji alikuwa amekaa mbele yetu, hajui lolote, anamnyonyesha mtoto.

Lakini Maman Furaha hakuja tena chini ya avoka. Nilimwalika. Akasema mikono yake isiikaribie mimea ya Maman tena, akanionyesha ile mikono, kama mtu anayeonyesha kidonda. Nami nikarudi na sahani yangu. Nilikaa pale nikaiangalia Familia, nikafikiria jinsi ulivyoiweka juu mahali ambapo hakuna anayefika, na jinsi nilivyokuwa nakaa chini yake na lango limefungwa, na nikaona kwamba itaendelea hivyo. Itakua polepole, yenyewe kwa yenyewe. Nitaiogesha. Nitasahihisha madaftari. Hakuna kitakachoharibika.

Sikulala vizuri usiku huo.

Najua ungesema nini. Kwamba haitenganishwi. Nimekuheshimu kwa hilo, sikuikata hata jani. Lakini usinikasirikie kwa lililobaki.

Lala salama, Maman. Ile michache iliyopona nitaitunza hapa kwetu, chini ya paa mvua zikija, kama ulivyofanya. Na nakuahidi nitavuka njia kila Jumapili, hata ile Jumapili nitakayoamka sitaki kuona mtu.

Maana Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliegemeza ngazi kwenye avoka nikaishusha Familia nzima. Niliivusha njia kwa mikono miwili. Maman Furaha aliniona akaanza kupiga kelele toka mlangoni: "Hapana, hapana! Irudishe! Nikiiua tena utapata wapi ingine?" Nikamwambia sitapata. Nikapita mbele yake mpaka nyuma ya nyumba yake, kwenye mpera ulio mbali na moshi wa jikoni, upande unaopata ukungu wa ziwa. Niliifunga kwa uzi wa wavuvi, usawa wa mikono yake. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameficha mikono ndani ya kitenge. Nikakaza mafundo, nikakata uzi uliobaki, nikamwambia alete beseni la maji ya mvua.

Binti yako.