Kaburi la Mama Yako Lisiwekwe Vigae

Sanyuanli, Guangzhou

Mwanangu Tabitha,

Marahaba. Najua hujaniamkia, mwaka wa tano huu, lakini nakuitikia hivyo hivyo. Hujambo? Wanao, ambao sijawaona, hawajambo? Mimi mzima, ila situlii. Nakaa, nasimama, natembea Barabara ya Huanshi mpaka mwisho, narudi, nakaa tena. Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko.

Aliyenileta huku ni Yona, mtoto wa baba yako mdogo, yule anayenunua nguo soko la Shisanhang. Mmisri mmoja mwenye mgahawa alitaka ukuta wa mawe kama wa hekalu la kale la kwao, wafalme wamechongwa wanapeleka sadaka. Mashine za hapa zikamtolea watu laini kama sabuni. Yona akamwonyesha picha za makaburi niliyochonga Mwanza. Kwisha! Nani ananiweza kwa patasi? Hata mafundi wa Kichina wanakuja kunitazama.

Basi, kwenye picha niliyopewa ya kuiga, malkia mmoja alikuwa amegongwagongwa, hana uso wala jina. Nikasema jiwe limemeguka kwa uzee, nikamchonga upya, mzuri kweli. Mmisri akaja juu, Yona akitafsiri: "Mzee, huyo hayupo! Aliyetawala baada yake alimkasirikia, akaamuru afutwe. Mfute."

"Mfute mwenyewe!"

"Baba mkubwa," Yona akanisihi, "ukuta ni wake."

Nikamfuta.

Sasa upande huo umeisha na watu wanakula pale. Wafalme wangu wote hawatazamwi. Kila anayeingia ananyoosha kidole kwenye kovu: "Huyu alikuwa nani?" Kila siku!

Tabitha, unajua nawaza kaburi gani. Nilimchongea mama yako majina ya watoto sita, na la nne, lako, nikalikwangua kwa mkono huu, ulipoolewa bila kuniuliza. Ulikosea, na bado nasema ulikosea. Lakini kaka yako Danieli amepiga simu, eti Krismasi wanalifunika kaburi lote kwa vigae. Toka huko Tabora uende ukawazuie. Wakibisha, kaa juu yake. Vigae ni vya chooni.

Narudi ukuta ukiisha. Pale nimeshalikwangua jiwe, kwa hiyo itabidi nichimbe zaidi. Jina lako litaingia ndani kuliko ya ndugu zako wote. Mvua ikiyafuta yao, lako litabaki.

Msalimie shangazi yako, yule anayeimba kwaya. Na mumeo. Sijasema nampenda, nimesema msalimie.

Ni mimi baba yako,
Elia, fundi mawe