Filomena, Saa Yako Nimeihamishia Gizani

Filo, shoga yangu,

Sikusalimii kwanza, nina hasira na wewe. Mtu mwenye akili zake hafi wiki ile ile maktaba inabandika ratiba ya majira ya baridi. Umetuachia jina lako ukutani kwa herufi kubwa za rangi ya chungwa: Hadithi kwa Kiswahili, Jumamosi saa nne asubuhi, na Filomena. Watu wanapita wanakusoma, kumbe mwenzao umelala na rozari yako, huna habari.

Mazishi yalikwenda vizuri, kama ulitaka kujua. Padri wako alisema ulikuwa mwanamke mpole. Nikakohoa. Sambusa zilikuwa chache, lakini hilo silo kosa lako.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye meza ile ile karibu na kipasha joto uliponifundisha herufi. Mimi ambaye shule niliijua mlangoni tu, kwa kupeleka maandazi ya kuuza. Ulisema, "Bi Zaina, siku ukijua kuandika utanitukana kwa barua." Haya, ndiyo hii.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Kelsi, yule binti wa maktaba mwenye nywele za kijani kama mchicha, alikuja na ngazi kutoa jina lako ukutani. Nikasimama chini ya ngazi nikamwambia, "Shuka." Kiingereza changu unakijua, ni kifupi kama gauni la mtoto, lakini hilo neno ninalo. Akashuka. Nikamwambia hiyo saa nitakaa mimi. Alifurahi, kisha akakunja uso, akanieleza pole pole kama anamlisha mgonjwa: chumba kikiwa kitupu mpaka baridi inaisha, saa yako watapewa watu wa mazoezi ya kujinyoosha. Filo, nikawaona hao watu kwa macho ya moyo, wamelala pale ulipokuwa unakaa, miguu juu. Nikasema haiwezekani.

Maana kule hospitali ulinishika mkono ukaniambia, "Hawa watoto wasikose mahali pa kukisikia Kiswahili." Siku hiyo ulisema mengi, pamoja na kwamba nilitupe koti langu la kahawia. Hilo la koti nimelipuuza. Hili la watoto limenikaa kifuani.

Jumamosi ya kwanza nikachukua kitabu chako cha dubu. Wakaja watoto watatu na mjukuu wangu Latifa ninayekaa naye, ambaye nilimburuta. Nikafungua. Unajua ninavyosoma: herufi moja naikamata, ya pili inaponyoka, ya tatu nairudia nikidhani ni ya kwanza. Dubu alitoka pangoni, na mpaka saa inaisha alikuwa bado anatoka pangoni. Mtoto mmoja alilala. Mwingine aliingia chini ya meza akakataa kutoka. Latifa akaniambia kwa Kiingereza, maana huyo Kiswahili anakisikia vizuri lakini mdomo wake umekigomea, kwamba hata theluji ya nje ilikuwa inaanguka haraka kuliko mimi.

Kelsi akaja taratibu. "Bibi Zaina, kwa nini usiache kitabu ukasimulia tu kwa mdomo?"

Nikamtazama. Saa nne asubuhi! Kweupe kabisa dirishani! Nimsimulie nani hadithi mchana, niote mkia kwa umri huu? Wewe ulikuwa unasoma kitabu, na kitabu ni karatasi, karatasi haina mwiko. Lakini hadithi ya mdomo bibi yangu wa Korogwe alitukataza kabisa: mpaka jua lizame na kuku walale. Anayesimulia mchana anaota mkia. Mjomba wetu mmoja alisimulia mchana shambani, na mpaka anakufa hakuna aliyemwona akikaa vizuri kwenye kiti. Sisemi uongo, Filo, ulishanisikia nikikuhadithia na ulicheka mpaka meno yako ya bandia yakatoka.

Kelsi hakucheka. Aliuliza kwa heshima kama hilo ni jambo la dini yangu. Nikamwambia hapana, ni jambo la makalio yangu. Akaandika kitu kwenye kompyuta yake. Sijui aliandika nini.

Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu mwanangu Hamida aniteremshe uwanja wa ndege nikiwa na kandambili, niliona faida ya baridi ya nchi hii. Giza! Saa kumi na moja jioni huku ni usiku kamili. Watu hawajatoka kazini, jua limeshakwenda kwao. Wanalilalamikia wote, na mimi nililalamika miaka yote, kumbe giza la hadithi ndilo hili hili. Korogwe tulikuwa tunalisubiri tukisinzia. Hapa linakuja mapema na mtoto bado ana nguvu zake.

Jumamosi maktaba inafungwa saa kumi na moja, kwa hiyo haifai. Alhamisi ndiyo inakaa wazi mpaka usiku. Lakini Alhamisi chumba kile ni cha nani? Cha wafumaji. Na mkubwa wa wafumaji ni nani? Doroti.

Unamkumbuka Doroti. Yule aliyekwambia shali yako imepinda.

Nilimwendea na sahani ya visheti. Nikamweleza kwa mikono na kwa yale maneno yangu. Alikula visheti vyote, akafuta vidole, akasema kikundi chake kimekaa chumba kile tangu jengo halijapakwa rangi na hakihami. Nikamwambia asihame, akae, ila taa zitazimwa. Akauliza watafumaje gizani. Nikamwambia, "Mama, kama unafuma kwa macho, bado hujajua kufuma." Nilikuwa nimeliandaa hilo, Latifa alinifundisha kwa Kiingereza njia nzima kwenye lifti. Doroti alivimba kama chapati. Lakini ulikuwa unamjua vizuri kuliko mimi, ulisema daima kwamba ukimchokoza hawezi kukataa. Alhamisi hiyo alikuja wa kwanza, sindano mkononi kama mtu wa vita.

Taa sasa. Baada ya wewe kuondoka nilikuwa silali na sili, na Hamida akaja kutoka kwake Pickering, mji wa jirani, akataka nihamie kwake, nikakataa, basi akaniazimia ile taa ya maktaba. Nayo wanaiazima kwa kadi, kama kitabu, kama vile viatu vya theluji vilivyo kama ungo. Ni taa ya watu wenye huzuni ya baridi, yenye mwanga mkali. Unakaa mbele yake asubuhi unaikodolea macho. Niliikodolea. Huzuni haikutoka, Filo. Lakini mchicha wangu wa dirishani umestawi, majani kama mikono ya mtu mzima, nimeshauchuma mara nyingi.

Taa hiyo ndiyo niliyoipeleka Alhamisi. Nikaifunika kwa kanga yako nyekundu, ile uliyokuja nayo kutoka Dar, mwanao alinipa. Haichomi, nimejaribu nyumbani. Nikaiweka sakafuni katikati, taa kubwa zikazimwa, na chumba kikawa chekundu, kikawa na moto. Watoto wakasogea wenyewe. Hata Doroti alishusha sindano.

Kabla sijaanza nikatoa karanga zangu za kukaanga. Hadithi bila karanga umeiona wapi? Kelsi aliruka kutoka mlangoni kama aliyeona nyoka. Kumbe huku karanga inaweza kumuua mtoto wa mtu! Karanga! Zilikusanywa zote, tukafagia, tukapanguswa vidole mmoja mmoja kwa vitambaa vyenye harufu ya hospitali. Tukaketi tena, tumbo tupu.

Nikasema, "Paukwa!"

Wananitazama. Boila la kupasha jengo joto linanguruma. Nikasema tena, "Paukwa!" Nikaona saa yako inakufa mikononi mwangu, na wale wa kujinyoosha wanakunjua mikeka yao.

Ndipo mtu nyuma yangu akasema, "Pakawa."

Latifa, Filo. Latifa wangu ambaye nikimwambia "njoo ule" ananijibu kwa Kiingereza kwamba hana njaa. Nikageuka, na yeye akanitazama kama mimi ndiye mjinga, akasema, kwa Kiswahili, "Bibi Filo alitufundisha." Hukuniambia! Jumamosi zile zote nilizodhani ananing'inia tu kwenye kiti chake akichezea zipu, ulikuwa unamjaza. Mwanamke mpole, kweli.

Ilibidi nijifute macho kwa kanga yako, na kwa kuwa ilikuwa juu ya taa, chumba kikawaka cheupe, watoto wakapiga kelele. Nikairudisha. Nikasimulia ya fisi aliyealikwa harusi mbili siku moja.

Watoto wa huku wana maswali, we! Fisi amefika njia panda, mmoja ananyoosha mkono: kwa nini hakutazama ramani kwenye simu? Nikamwambia fisi hana chaji. Mwingine akataka kujua kama fisi aliulizwa kuhusu karanga kabla ya kupewa chakula cha harusi. Nikamwambia aliulizwa, akadanganya, ndiyo maana anacheka vile mpaka leo. Hilo halimo katika hadithi ya bibi yangu, lakini sasa limo. Wafumaji hawaelewi neno hata moja la Kiswahili, na walicheka kila walipocheka watoto. Skafu ya Doroti ilitoka na tundu la kupitisha kichwa. Anaivaa. Anasema ndivyo alivyokusudia.

Wiki iliyofuata walikuja zaidi. Wazazi wanatoka kazini wamechoka, wanaketi nyuma na makoti yao, wanasema "pakawa" kwa sauti kubwa kuliko watoto. Muuguzi mmoja wa Kisumu alilala usingizi mzito mpaka mwisho na akanishukuru. Mwezi wa pili Kelsi alikuwa anatuletea viti kutoka chumba cha kompyuta. Juzi alipanda ngazi tena. Ratiba ya majira ya kuchipua: saa yako ipo, Filo. Jina lako nimemkataza kulitoa. Ameandika langu chini yake, dogo dogo. Sasa kwa kuwa najua kusoma, nikakuta ameniandika "Zainna". Nimempandisha ngazi tena.

Lakini nina shida, na hii ndiyo iliyonikalisha nikuandikie. Saa zao za ukutani wamezisogeza mbele, kama wafanyavyo huku kila baridi ikielekea kuisha. Jua limerudi. Alhamisi iliyopita saa kumi na moja na nusu lilikuwa limenikodolea dirishani bila aibu, na mwezi wa sita litakaa mpaka watoto waende kulala. Kelsi amesema atafunga mapazia meusi. Nimemwambia jua halidanganywi kwa pazia, na mkia utaota ule ule.

Basi nimeamua. Mchana ni wa karatasi. Kitabu chako cha dubu nimekiazima, kiko hapa chini ya barua hii. Kila asubuhi nakaa na Latifa, ananisahihisha bila huruma, ana ulimi wako. Dubu ametoka pangoni, Filo. Ametoka, amevuka mto, yuko ukurasa wa asali. Nimesema theluji ya mwisho ikiyeyuka pale nyuma ya maegesho nitakuwa naweza kukisoma chote bila mtoto kuingia chini ya meza. Hiyo ni ahadi yangu, na unajua mimi na vitu nilivyoahidi. Isipokuwa lile koti.

Taa nimeirudisha. Mwingine ataihitaji. Kanga nimebaki nayo.

Pumzika sasa, mwanamke mpole wa padri. Jua litachoka, huwa linachoka, na giza likirudi mwezi wa kumi na moja nitakuwa pale sakafuni kabla ya Doroti. Nitasema "Paukwa." Na wewe huko uliko usinyamaze, maana umefundisha watoto wa watu, isije ikawa wewe mwenyewe umesahau.

Wako, mwenye hasira kidogo kuliko nilivyoanza,
Zaina, kwa N moja.