Chini ya C, Hakuna Fizikia

Kimara, 13 Januari 2025

Shangazi Somoe,

Shikamoo. Mie mzima, isipokuwa mafua ya bweni yanayotuzunguka sote. Wewe hujambo na Mbagala yako? Mguu umepoa?

Shangazi, nina tatizo. Matokeo ya kidato cha pili yametoka na fizikia nimepata D, alama 37. D ni kufaulu, lakini shule imebandika tangazo: aliye chini ya C haendelei na fizikia. Jina langu limewekwa mchepuo wa sanaa. Unajua nataka kusoma umeme chuoni, na bila fizikia hawanichukui. Wanatuma fomu kwa walezi wasaini kukubali. Baba yuko Comoro, kwa hiyo mlezi ni wewe. Nakuomba sana usisaini. Wewe ni mwalimu wa taaluma huko kwenu, ukiongea na mkuu wetu, Madam Tupokigwe, atakusikiliza.

Mwanao,
Najma

*

Mbagala, 21 Januari 2025

Mwanangu Najma,

Marahaba. Sie wazima, ila mguu bado unanisumbua nikipanda ngazi.

Barua yako imefika siku moja na fomu. Nimeisaini. Nakwambia mwenyewe ili usiisikie kwa mwingine. Kanuni hiyo hata shuleni kwetu ipo, na aliyeileta ni mimi. Kabla yake watoto walikuwa wanalundika F za fizikia kidato cha nne, divisheni inashuka, wanarudi nyumbani kukaa. Sasa wanafaulu. Najua ulinitengenezea feni na inazunguka mpaka leo, lakini mtihani hauulizi feni. Kasirika, itapita.

Shangazi yako,
Somoe

*

Kimara, 2 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri.

Nimekasirika na haijapita. Hukuniuliza kwa nini nilipata 37. Ungeniuliza ningekwambia kwamba mwalimu wetu wa fizikia alihama Aprili mwaka jana na hakuletwa mwingine. Toka hapo mpaka mtihani, kipindi cha fizikia tulikuwa tunafagia uwanja au tunakaa tu. Sura sita nimezisoma peke yangu, kwenye kitabu kisicho na jalada. Ile 37 mie naionea fahari. Nyie mnaotuhamisha, kabla hamjasema mtoto hawezi, huwa mnaangalia kama alifundishwa?

Kesho, wenzangu wakiingia fizikia, mie naenda historia.

Najma

*

Mbagala, 14 Aprili 2025

Mwanangu Najma,

Hujambo? Mafua yameisha? Nimechelewa kujibu mpaka naona haya.

Barua yako ilinitia hasira wiki nzima. Halafu nikafungua ratiba zetu za nyuma. Mwaka jana kidato cha pili hapa walikaa miezi mitano bila mwalimu wa fizikia. Wala si jambo geni kwangu, ratiba naipanga mimi. Januari nikawahamisha kumi na tisa, na kwenye kila faili nikaandika "hana uwezo".

Ijumaa nilikuja shuleni kwenu. Hawakuniruhusu kukuona kwa kuwa haikuwa siku ya wageni. Madam Tupokigwe alinihangaisha, mwisho akakubali urudi fizikia muhula ujao, ila niandike kwamba ukifeli lawama ni yangu. Nimeandika. Unaweza kufeli, Najma, sitakudanganya, maana utakuwa umekosa muhula mzima. Basi soma. Na unisamehe, sikukuuliza.

Kwetu nilipeleka hoja kikaoni kanuni ifutwe. Wenzangu wakanijibu kuwa matokeo yamepanda, iguswe ya nini, maneno yale yale niliyokuwa nikiwaambia mimi. Imekataliwa. Leo nimeshika kipindi cha historia cha wale kumi na tisa, mwalimu wao anaumwa. Walisimama wote wakaniamkia vizuri tu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniandikia barua.

Shangazi yako,
Somoe