Nimebadilisha Rangi Zako, Baba

Baba yangu,

Nimeigusa kompyuta yako. Arobaini haijafika na baba mdogo amenikasirikia, anasema kitu cha marehemu hakichezewi kabla tanga halijaanuliwa. Nimemsikia, nikaendelea.

Unakumbuka siku tuliyoweka ile programu ya kukumbusha tarehe, hapa kwenye duka letu la dawa za mifugo? Ulianza na rangi kabla ya kitu kingine chochote. Ukachagua nyekundu iwe rangi ya maandishi ya kila kikumbusho kipya: chanjo za ndama wa kijiji cha Kasansa, dawa za minyoo, dawa za kuogeshea. Nikakwambia kila kitu kikiwa chekundu hutajua cha kukimbilia. Ukacheka. "Ng'ombe wa mtu hana kesho, mama." Uliniita mama kwa sababu nina jina la bibi, na ukiniita hivyo nilikuwa sibishi tena. Nilipaswa kubisha.

Maana niliandika humo tarehe yako ya kliniki ya presha. Ikatokea nyekundu katikati ya ndama wekundu, ukavifunga vikumbusho vyote kwa pamoja, ukapanda pikipiki kwenda kuchanja. Jioni nilipokuuliza ulisema, "Kliniki haihami." Kweli haijahama. Umeondoka wewe, wiki mbili baadaye, na nina hasira na wewe, Baba. Msibani sikuweza kuisema, watu walikuwa wanakusifu kwamba hujawahi kukosa chanjo hata moja.

Basi rangi ya kawaida sasa ni nyeusi. Ng'ombe wote weusi. Nyekundu nimewaachia watu, na kwa sasa ni mtu mmoja tu, mama, na sukari yake. Baba mdogo anasema nimekuvunjia heshima. Duka uliniachia mimi. Akizitaka nyekundu, anunue kompyuta yake.

Leo asubuhi jina la mama limetokea. Akaanza yale yale yako: wateja wamefika, twende wiki ijayo. Mlangoni alisimama mzee wa Kasansa na chupa tupu ya dawa mkononi. Nikamwomba radhi, nikafunga duka mbele yake. Mama amenuna njia nzima. Ninapokuandikia yuko ndani kwa daktari, mimi niko kwenye benchi nje.

Ng'ombe wasubiri.

Pumzika, Baba, ila hatujamalizana.

Binti yako